Sindano Inayoongozwa kwa Picha: Kuutambua Uvimbe wa Nyonga kwa Mtoto

Mtoto anayekojoa kwa shida, anayefunga choo kwa muda mrefu au anayechechemea bila kuumia, huenda ana uvimbe uliojificha ndani ya nyonga. Yaweza kuwa rabdomayosakoma ya kibofu au tezi dume, saratani ya seli za uzazi iliyoanzia kwenye kifandugu, nyuroblastoma, au sakoma ya Ewing ya mfupa. Katika picha magonjwa haya huweza kufanana, lakini tiba zake hutofautiana. Kwa hiyo kipimo cha kinyama hutangulia dawa.

Kabla yake, damu hupimwa uwezo wa kuganda, pamoja na viashiria vya AFP na beta-hCG. Vikiwa juu sana na kulingana na picha, tiba ya saratani ya seli za uzazi huweza kuanza bila kinyama. Hata hivyo, AFP ya mtoto mchanga huwa juu kwa kawaida, hivyo hutafsiriwa kwa kuzingatia umri.

Mtoto akishalazwa kwa dawa ya usingizi, daktari wa radiolojia huifuata ncha ya sindano kwenye skrini ya ultrasaundi, akikwepa utumbo na mishipa mikubwa ya damu. Mfupa ukizuia kuona, CT-skani hutumika. Vipande kadhaa huchukuliwa, kwa kuwa kimoja huenda kisitosheleze vipimo vyote.

Panapodhaniwa sakoma, njia ya sindano huchaguliwa pamoja na daktari mpasuaji atakayemhudumia mtoto, kwani huenda akalazimika kuiondoa njia hiyo pamoja na uvimbe. Ikipitishwa pasipofaa, upasuaji huwa mkubwa zaidi.

Wahudumu waiulize maabara mapema: vipande vingi huhifadhiwa katika fomalini ya asilimia 10, ila baadhi ya vipimo vya vinasaba huhitaji kinyama kibichi. Na jibu la “hakuna saratani” lisilolingana na picha halimalizi uchunguzi, kipimo hurudiwa.

Wazazi wengi huhofu kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa. Hofu hiyo isikilizwe, kisha ijibiwe kwa ukweli: seli kusambaa kupitia njia ya sindano ni jambo la nadra, ilhali saratani isiyotibiwa huendelea kukua. Baada ya kipimo, mtoto akipata homa, damu nyingi kwenye mkojo, au tumbo kuvimba, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.