Shilingi Iliyokatwa Bado Ni Yako

Wakulima wengi wa Kitui na Makueni hawaishi kwa jembe peke yake. Mvua ikikawia, huyu huenda kujenga kuta za mabwawa ya mchanga mitoni, yule huchimba silanga kwa trekta lake, na mwingine huitwa kufundisha majirani namna ya kupandikiza maembe au kufuga nyuki. Kazi ikiisha na hundi ikifika, huona imepungua. Alipatana Shs. 200,000, naye amepata Shs. 194,000. Wengine hudhani karani ameziiba, na wengine husema, "Hiyo ni kodi, imekwenda." Wote wawili wamekosea, na anayepata hasara kubwa ni huyu wa pili, kwani hatazitafuta tena.

Fedha hizo ni kodi ya zuio. Zamani wazee wetu walimpelekea Chifu kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mkononi. Siku hizi sheria ya kodi ya mapato inamwamuru yule anayekulipa, kama vile ofisi ya kaunti, kampuni au shirika, akate sehemu ya malipo kabla hujayapokea, na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA. Kazi ya ujenzi hukatwa 3%, na kazi ya ushauri, ufundi wa kisomo au kufundisha hukatwa 5%. Malipo ya kazi hizo yasiyofika Shs. 24,000 kwa mwezi hayakatwi. Tena, tangu mwisho wa Desemba 2024, anayeiuzia ofisi ya umma vitu hukatwa nusu shilingi katika kila mia. Ukiiuzia kaunti ndengu za Shs. 100,000 utakatwa Shs. 500.

Sasa shikeni neno hili. Kodi hiyo ni malipo ya mbele tu. Kodi yako ya kweli hujulikana mwaka ukiisha, yanapohesabiwa mapato yako yote na gharama zako zote. Ikiwa uliyokatwa imezidi unayodaiwa, ziada ni yako.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye shamba katika makazi ya Makueni. Kwa mwaka mzima amelipwa Shs. 200,000 kwa kazi ya kuta za mabwawa, akakatwa Shs. 6,000. Vibarua wake walikula Shs. 90,000, na lori la mawe Shs. 30,000. Zimebaki Shs. 80,000. Shambani, baada ya kutoa mbegu, dawa na magunia, maembe na ndengu zilimwachia Shs. 40,000. Basi faida yake ya mwaka ni Shs. 120,000. Kwa viwango vilivyowekwa Julai 2023, Shs. 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa 10%, kwa hiyo kodi yake ni Shs. 12,000. Lakini kila mkaaji wa Kenya hupewa nafuu ya Shs. 28,800 kwa mwaka. Ondoa hiyo, na kodi yake ni sufuri. Shs. 6,000 zote alizokatwa ni zake, na fedha hizo zingemnunulia mbegu kabla ya mvua za Oktoba.

Mbona hazipati? Sababu moja nimeiona mara nyingi kuliko zote. Mwezi wa Juni ukifika, mkulima huenda kwa kijana mwenye kompyuta sokoni, hulipa shilingi chache, na kijana humjazia ritani ya sufuri, kana kwamba hakupata hata senti mwaka ule. Kijana hakuulizwa, naye hakuuliza. Ritani ya namna hiyo huwaambia KRA kwamba huna mapato, na papo hapo huacha kudai kodi uliyokatwa juu ya mapato hayo. Pia si kweli, na KRA wanayo hati inayoonyesha kwamba ulilipwa. Aliyekatwa kodi hana budi kujaza ritani kamili, tena aandike malipo kabla ya kukatwa. Fundi wetu aandike Shs. 200,000, si Shs. 194,000, kisha aonyeshe Shs. 6,000 mahali pa kodi iliyokwisha kukatwa.

Ushahidi wa jambo hili ni hati ya kukatwa kodi. Tangu Julai 2023 mlipaji amepewa siku 5 za kazi baada ya kukata kuipeleka kodi kwa KRA, na hati hutoka katika mtambo wao wa iTax kwa namba yako ya PIN. Ikiwa wiki mbili zimepita na hati haionekani, mwendee mlipaji upesi, wala usingoje Juni. Huenda alikata asipeleke, au karani alikosea herufi moja ya PIN, na fedha zako zikaandikwa kwa mtu mwingine. Vikundi navyo viangalie. Kazi iliyoandikwa kwa PIN ya kikundi, hati yake ni ya kikundi, na mwanachama hawezi kuitumia katika ritani yake mwenyewe.

Gharama nazo zahitaji karatasi. Tangu 1 Januari 2024 mwenye lori au duka anapaswa kukupa risiti ya eTIMS, la sivyo gharama hiyo yaweza kukataliwa. Vibarua waandikwe katika daftari pamoja na siku na malipo yao.

Lakini si kila mtu atarudishiwa. Mwalimu ambaye mshahara wake umekwisha kufika kiwango cha 30%, akilipwa Shs. 60,000 kwa kufundisha wakulima, hukatwa Shs. 3,000 tu, hali kodi ya fedha hizo ni Shs. 18,000. Atalipa Shs. 15,000 zaidi kabla ya 30 Aprili. Na riba ya akiba ya benki, ambayo hukatwa 15%, haidaiwi tena, kwani kwa mtu binafsi kodi hiyo ni ya mwisho.

Ritani ya mwaka uliopita hupokewa hadi 30 Juni. Anayechelewa hutozwa Shs. 2,000, au 5% ya kodi yake ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Ritani ikionyesha ziada, peleka ombi la kurudishiwa katika mtambo huo huo wa iTax, pamoja na namba ya akaunti yako ya benki, au uombe ziada ihesabiwe katika kodi ijayo. Muda wa kudai ni miaka 5 tangu kodi ilipolipwa, kwa hiyo hata hati za miaka iliyopita zitafuteni. Asiye na kompyuta aende Huduma Centre ya Kitui mjini au ya Wote, akichukua kitambulisho, PIN, hati zake zote za kukatwa kodi, na daftari la gharama. Aende mwezi wa Februari au Machi, maana wiki ya mwisho ya Juni foleni hutoka nje ya mlango.