Kuchagua Baruti ya Rivolva: Ganda Kubwa, Kipimo Kidogo

Askari hupokea risasi zake kutoka ghalani zikiwa zimekwisha fungwa, na ni nadra kwake kujiuliza ndani ya ganda mna baruti ya namna gani. Huko Marekani mambo ni mengine. Wako raia wengi, na miongoni mwao polisi wastaafu waliozoea rivolva, ambao baada ya kulenga shabaha huokota maganda yao, huyasafisha, na jioni hukaa mezani nyumbani kuyajaza upya. Ganda la shaba ni ghali, nalo laweza kutumika mara nyingi. Kwa mtazamaji kazi hiyo yaonekana kuwa ya mikono tu, lakini imo ndani yake hukumu moja ambayo ikikosewa hugharimu vidole, macho, au maisha ya mtu aliyesimama kando: ni baruti ipi itiwe.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Nyundo ya silaha hupiga fataki, fataki hutoa mwali, baruti huungua na kugeuka gesi ya moto, na gesi hiyo hukisukuma kichwa mtutuni. Baruti zote huungua. Zinazotofautiana ni katika upesi wa kuungua. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kuchagua.

Shida ya rivolva ni ya urithi. Maganda yake mengi yalizaliwa katika zama za baruti nyeusi. Jeshi la Marekani lilipoikubali rivolva ya Colt ya kipimo cha .45 mwaka 1873, ganda lake lilifanywa refu lipate kuchukua hadi greni 40 za baruti hiyo, yaani kama gramu 2.6. Baruti nyeusi, iliyo mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ni dhaifu na chafu. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali huwa moshi mzito na masizi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi kwa nitroselulosi, na mwaka 1887 Alfred Nobel akaitia nitrogliserini. Nguvu ikapanda, kipimo kikashuka, lakini maganda yakabaki na ukubwa ule ule. Hata .38 Special ya Smith & Wesson, iliyobuniwa mwaka 1898 na kubebwa na polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ilianza na baruti nyeusi.

Basi mchukue mtu mwenye .38 Special na kopo la Bullseye, baruti ya upesi sana iliyoanza kuuzwa mwaka 1898 na ambayo ingali inapendwa. Ana sababu njema za kuipenda. Huwaka kwa urahisi, huungua yote katika mtutu mfupi, na kwa kuwa kila risasi hutumia kidogo, kopo moja hudumu muda mrefu. Lakini kipimo cha kulengea shabaha hakifiki hata robo ya nafasi ya ganda. Sasa mtoto amwite, au jirani abishe hodi, naye akirudi mezani alitie ganda lile lile mara ya pili. Ganda litameza vipimo vyote viwili na nafasi ibaki. Kichwa kikishabanwa juu yake, risasi hiyo hailingani na nyingine kwa hatari tu. Kwa sura ni ile ile. Kuipima kwenye mizani pia si dawa ya kutegemea, maana maganda na vichwa vyenyewe hupishana uzito. Siku itakapofyatuliwa, silinda hupasuka na bamba la juu ya silaha huweza kung'oka.

Atakayekimbilia baruti ya polepole kwa kuogopa hayo atakutana na balaa la namna nyingine. Baruti hizo, kama 2400 na H110, zina mahali pake: risasi za magnum, ambazo hukisukuma kichwa kizito kwa msukumo mrefu. Smith & Wesson walipotoa .357 Magnum mwaka 1935, ganda lilirefushwa kuliko lile la .38 kwa kiasi cha milimita 3 hivi, ili risasi hiyo kali isiweze kuingia katika rivolva za zamani zilizo dhaifu. Lakini ukiitia baruti ya polepole kidogo kidogo katika risasi ya kawaida, haiwaki sawasawa. Chembe mbichi humwagika katika mitambo, na kichwa chaweza kukwama mtutuni. Mwenye silaha asipotambua, akavuta tena, risasi ya pili huikuta njia imezibwa. Ndiyo maana watengenezaji wa H110 huonya kwamba kipimo chake kisipunguzwe ovyo chini ya kile kilichoandikwa.

Kati ya pande hizo mbili ziko baruti za wastani. Unique, iliyotoka mwaka 1900, hulalamikiwa kuwa ina masizi, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo hujaza ganda zaidi kuliko Bullseye, na kipimo maradufu huonekana kwa jicho lililo macho. Baadaye ilitengenezwa Trail Boss, yenye chembe kama vipete vilivyotobolewa katikati, nyepesi na za kuchukua nafasi, mahususi kwa maganda makubwa ya kale. Ukiitia mara mbili hufurika. Kwa maoni yangu, mjazaji wa risasi za kawaida na aanze kwa kuuliza ni baruti ipi itakayomfichulia kosa lake, ndipo aulize habari ya bei na usafi.

Silaha nayo ina kauli yake. Mwaka 1925 Elmer Keith, mwandishi mashuhuri wa habari za bastola, alipasukiwa na rivolva ya .45 kwa risasi alizozijaza mwenyewe, zenye vichwa vizito. Akahamia kipimo cha .44, kwa kuwa kuta za silinda yake ni nene zaidi, na majaribio yake yakachangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955. Vipimo hutoka katika jedwali la mtengenezaji wa baruti, na mtu huanzia chini. Kijiko cha kukisia hakina nafasi hapo.

Kwa upande wa nyumbani, kopo moja tu ndilo huwa mezani, na baruti hubaki katika kopo lake la asili lenye jina. Ikianza kunuka ukali wa tindikali au kutoa mvuke mwekundu wa hudhurungi, imekwisha haribika. Mezani hapo hapaliwi wala hapavutwi sigara. Watoto huwekwa mbali, na mikono huoshwa kabla ya kumshika mtoto au chakula, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Wajazaji waangalifu hupanga maganda 50 katika kibao chenye matundu, na kabla ya kubana kichwa hata kimoja, huinua taa na kuchungulia ndani ya kila ganda, safu kwa safu. Lionekanalo kujaa kuliko wenzake, au kupungukiwa, humwagwa na kupimwa upya.