Pikipiki Isiyo na Makuu

Ukisimama Mlali alfajiri na kuinua macho kuelekea Mgeta, utaiona barabara ikijipinda ubavuni mwa Uluguru hadi inapotelea ukunguni. Kabla hujaona chombo utasikia mlio wake: pikipiki ndogo yashuka taratibu, keria yake imefungwa magunia ya kabichi na karoti yaliyo mapana kupita usukani. Zamani mzigo huo ulishuka mlimani vichwani mwa watu, na aghalabu mbebaji alikuwa mama.

Wako wanaoidharau pikipiki hii kwa kuwa haina mbio. Wanakosea. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125, iliyobuniwa mahsusi kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili husahauliwa. Mafundi wake waliuacha mnyororo wa ndani ya injini unaohitaji kukazwa mara kwa mara, wakatumia vijiti vya kusukumia vali. Mnyororo wa nje wakaufunika wote usile vumbi. Umbo hilo liliigwa mno huko China, na injini nyingi zilizoingia nchini tangu miaka ya 2000 ni wajukuu wake. Boxer, itengenezwayo na Bajaj wa India, ina nasaba nyingine, lakini tabia ni ile ile.

Mfikirie sasa mwalimu aliyepangiwa kazi Nyandira. Lita moja ya petroli humvusha kilometa 40 au zaidi kwenye lami. Mlimani hupungua, lakini bado hakuna gari litakalomfaa kwa gharama hiyo. Oili ya injini nzima ni kama lita moja tu. Ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe mwenye spana na bisibisi huimaliza kabla ya jua kutua. Na mkewe akishikwa na uchungu usiku, haombi gari la mtu.

Hata hivyo, uko ubanaji wa matumizi unaoua. Waendeshaji wengi huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Injini iliyo katika gia ya chini huishika pikipiki isikimbie. Ikizimwa, kazi yote huziangukia breki, nazo zikipata moto hulegea, pengine kwenye kona yenye korongo chini yake. Mtu huokoa vijiko vichache vya mafuta kwa roho yake! Morogoro inaijua bei hiyo: tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekuja kuchota, na waendesha bodaboda walikuwamo.

Nawe mama unayempandisha mtoto katikati yako na dereva, mishikaki hiyo si nauli rahisi. Kofia ngumu ya mtoto ni sehemu ya bei ya chombo.

Ukiipata iliyotumika, usiijaribu tambarare pale mjini. Umwombe mwenyewe muipandishe pamoja barabara ya Morningside, yeye akiwa abiria. Ikitoa moshi wa buluu kwenye mlima, irudishe.