Mfereji wa Erie: Mizigo ilihama, baiskeli zikaleta wateja

Na Mwandishi Wetu

MTALII anayetoka Albany, makao makuu ya jimbo la New York nchini Marekani, kwenda kuona maporomoko ya Niagara kwa gari hutumia saa chache tu barabarani. Anayekwenda kwa baiskeli akifuata Mfereji wa Erie hutumia wiki nzima au zaidi.

Kwa wafanyabiashara wadogo wa njiani, huyu wa pili ndiye mteja.

Njia hiyo ya baiskeli ina urefu wa takribani kilomita 580, kutoka Albany hadi Buffalo, na sehemu kubwa iko mbali na magari. Miinuko ni michache, kwa kuwa hapo zamani nyumbu walipita kando ya mfereji wakivuta matishari ya mizigo kwa kamba.

Nauli ilivyoshuka

Ujenzi wa mfereji ulianza mwaka 1817 na kukamilika mwaka 1825. Gavana DeWitt Clinton, aliyeupigania, alikejeliwa na wapinzani wake kwamba anachimba mtaro.

Kabla ya hapo, kusafirisha tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi jiji la New York kuligharimu takribani dola 100. Mfereji ulipofunguliwa, gharama ilishuka hadi karibu dola 10. Mkulima anayejua jinsi nauli ya lori inavyomeza bei ya gunia ataelewa uzito wa jambo hilo.

Ngano ya bara ikapata soko. Mji wa Rochester ukasifika kwa vinu vya unga, na Syracuse kwa chumvi.

Hata hivyo, neema hiyo haikudumu. Reli, malori, na baadaye njia ya meli ya Mto St. Lawrence iliyofunguliwa mwaka 1959, vilichukua mizigo. Miji iliyokuwa imeutegemea mfereji ikalazimika kutafuta riziki nyingine.

Hununua kidogo, mara nyingi

Njia ya baiskeli ilijengwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ilikamilika ikiwa sehemu ya Empire State Trail, mtandao wa njia wenye kilomita zipatazo 1,200.

Magharibi mwa Rochester, miji midogo ya Spencerport, Brockport, Holley, Albion na Medina imepangana kando ya maji, na kutoka mmoja hadi mwingine ni chini ya kilomita 20.

Mwendesha baiskeli hawezi kubeba shehena. Hununua kifungua kinywa hapa, maji pale, tyubu akipata pancha, na jioni hutafuta kitanda au mahali pa kupiga hema. Brockport kuna kituo cha wageni chenye bafu na mashine za kufulia, na aliyeoga akapumzika huingia mjini kula.

Eneo hilo pia lina mashamba ya matufaha, na baadhi ya wakulima humwagilia kwa maji ya mfereji huohuo. Mwenye kibanda cha matunda barabarani humuuzia mpita njia moja kwa moja, bila dalali.

Mbele kidogo ni Lockport, ambako boti hupandishwa ukuta wa mwamba kwa malango ya maji. Ni safu ileile ya mwamba inayohusika na maporomoko ya Niagara, ambayo kutoka hapo hayafiki kilomita 40. Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1885, na anayeingia kwa miguu halipi kiingilio.

Biashara ya msimu

Biashara hii ina kikomo chake. Mfereji huwa wazi kwa boti kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha theluji hufunika njia. Anayekopa kufungua nyumba ya wageni lazima apige hesabu kama mapato ya miezi mitano yatabeba mwaka mzima. Aliye salama zaidi ni yule ambaye duka lake linawahudumia pia wenyeji.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia kivutio cha utalii hukimbilia kupanga bidhaa langoni, ambako ushindani ni mkali. Erie inaonyesha kwamba fedha ipo pia njiani. Kabla ya kuweka mtaji, hesabu wanaopita mbele ya duka lako kwa mwezi mmoja, angalia wanasimama wapi, kisha uliza wamekosa nini.