Usiiondoe Office ya zamani kabla ya kuhamisha amana

Ilikuwa mwaka 2019, baada ya Swala ya Isha, siku ya tatu tangu kuzikwa kwa jirani yetu mmoja hapa Tanga, mwanawe mkubwa alipopiga hodi nyumbani kwetu. Hakuja kwa mazungumzo marefu. Baba yetu ndiye mtunza hazina wa chama cha kuzikana na kusaidiana cha mtaani, na kijana yule alitaka kujua jambo moja tu: je, marehemu alikuwa na deni katika chama, na kama lipo ni kiasi gani? Familia yao ilikuwa ikijiandaa kuketi na kuzungumza mirathi, na kila Muislamu anafahamu kwamba deni la marehemu hulipwa kwanza kabla warithi hawajagawana chochote.

"Karibu ukae, mwanangu," Baba alimwambia. "Kila kitu kimeandikwa."

Akavaa miwani yake, akaiwasha kompyuta iliyo pembeni mwa sebule, akabofya faili analolifungua kila mwezi kwa miaka mingi. Badala ya majina na hesabu, kikatokea kisanduku cha maneno kueleza kuwa faili hilo limetengenezwa kwa toleo la zamani la programu na haliwezi kufunguliwa. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Kisha akageuka, akatutazama sote kwa zamu.

"Nani ameigusa kompyuta hii?"

Jibu tulikuwa nalo, ila kulitamka kulikuwa kuzito. Wiki moja kabla, mdogo wetu wa kike, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni, alilalamika kwamba msimamizi wa utafiti wake anamrudishia kazi ikiwa na maoni pembeni, na anamtaka ajibu kila oni chini yake na kuonyesha lipi amelimaliza. Word ya mwaka 2010 iliyokuwa katika kompyuta yetu haikuwa na mpangilio huo wa maoni na majibu. Ulikuja na toleo la mwaka 2013. Tukaipeleka kompyuta kwa fundi. Fundi akaiondoa Office 2010 yote, akaweka Office 2016. Binti akafurahi. Baba hakuulizwa, wala sisi hatukufikiri kwamba kulikuwa na la kumuuliza.

Kijana wa marehemu alikunywa chai yake, akaambiwa arudi baada ya siku mbili. Alipoondoka, Baba hakutugombeza. Alisema tu kwamba katika miaka yote ya utunzaji wake wa hazina, hajapata kumrudisha mtu aliyekuja kuulizia haki yake bila jibu.

Faili lipo, mlango umefungwa

Jambo la kwanza tulilolibaini ni kwamba hakuna kilichopotea. Daftari la chama lilikuwa palepale lilipokuwa. Lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa programu ya hifadhidata iitwayo Access, toleo la mwaka 97, na mwalimu mmoja wa mtaani aliyejitolea kulitengeneza. Programu zilibadilika mara kadhaa baada ya hapo, lakini faili lenyewe lilibaki katika umbo lake la awali. Access ya mwaka 2010 ilikuwa bado ikilifungua: iliruhusu kusoma na kuingiza hesabu mpya, ingawa haikuruhusu kubadili mpangilio wa daftari. Kuanzia Access ya mwaka 2013, Microsoft iliufunga mlango huo. Toleo la 2016 tuliloletewa nalo halina uwezo wa kufungua faili la Access 97, wala kulibadilisha.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Tunadhani toleo jipya ni la zamani lililoongezewa mapambo. Aghalabu ni hivyo kwa barua na majedwali ya kawaida: Word mpya hufungua hati za miaka mingi nyuma. Lakini toleo jipya pia huacha mambo nyuma, na halimtangazii mtu yeyote siku linapoingia nyumbani kwake.

Basi tukawa na haja mbili katika kompyuta moja. Baba alihitaji ya 2010, binti alihitaji ya 2016. Tulidhani lazima mmoja wao akose. Haikuwa hivyo.

Jinsi matoleo mawili yanavyokaa pamoja

Office ya 2010 na ya 2016 zinaweza kukaa katika kompyuta moja, kwa sababu kila moja huwekwa katika folda yake. Ndani ya kompyuta, ya 2010 hutambulika kwa namba 14, ya 2013 kwa namba 15, na ya 2016 kwa namba 16. Namba zikitofautiana, kila moja ina chumba chake. Lakini yapo masharti, nasi tuliyajua baada ya kuhangaika usiku kucha.

Sharti la kwanza ni utaratibu. La zamani hutangulia, jipya hufuata. Ukiweka la zamani juu ya jipya, huenda likavuruga mipangilio ambayo jipya linaitegemea. Kwa kuwa kwetu jipya lilikuwa limeshatangulia, ilitubidi tuliondoe, tuweke la 2010, kisha tulirudishe la 2016. Tulishukuru kwamba Baba alikuwa ameitunza kabatini diski yake ya 2010, pamoja na kijikaratasi chenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25.

Sharti la pili: wakati wa kuweka toleo la pili, usibofye kitufe cha kuanza kwa haraka. Zipo programu za kusakinisha zinazokupa nafasi ya kuchagua mwenyewe, na hapo ndipo unapoieleza kompyuta ibakishe toleo lililopo. Anayepita hapo bila kusoma anaweza kujikuta ameliondoa la zamani kwa mkono wake.

Sharti la tatu linahusu Outlook, programu ya barua pepe. Hiyo haikubali mwenza. Ni lazima uchague moja, na ya zamani uiache nje unaposakinisha.

Sharti la nne: angalia kama Office yako ni ya biti 32 au ya biti 64. Aina hizo mbili hazichanganywi. Kama ya zamani ni ya 32, chagua ya 32 kwa mpya pia, hata kama kompyuta yenyewe ina uwezo wa 64.

Sharti la tano ni la kutanabahishwa zaidi, kwani linawapata wengi siku hizi. Office ya 2016, ya 2019, ya 2021 na ile inayolipiwa kila mwezi au mwaka, Microsoft 365, zote zinatumia namba moja ya ndani, yaani 16. Kwa hiyo hazikai pamoja, japo majina yao yanatofautiana. Asikudanganye mtu kwamba atakuwekea ya 2016 na ya 2021 bega kwa bega.

Ukishaziweka mbili, utaona vituko vidogo. Ukibofya faili moja kwa moja, kompyuta huchagua yenyewe toleo la kulifungulia, na mara nyingi si lile ulilokusudia. Dawa ni kuifungua kwanza programu unayoitaka, kisha kulitafuta faili ukiwa ndani yake. Access nayo, kila unapotoka toleo moja kwenda jingine, huchelewa kidogo ikijipanga upya. Iachie imalize; haijaharibika. Sisi tulimwekea Baba alama ya Access 2010 kwenye uso wa kompyuta, tukaipa jina "Daftari la Chama", na ya binti tukaiweka mbali nayo. Tangu siku hiyo hawakugombana.

Haki ya mwenye programu

Katika kuhangaika kwetu, alitokea mtu wa kutushauri kwamba tusisumbuke na diski wala ufunguo. Yeye angetupatia Office "iliyofunguliwa" kwa bei ya soda. Tulikataa, na sababu zetu zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni ya usalama. Programu iliyovunjwa kufuli imepita katika mikono usiyoijua, na mara nyingi huja na wadudu waharibifu. Kompyuta yenye hesabu za watu si mahali pa kufanyia bahati nasibu.

Ya pili ni ya haki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria, na kwamba haijuzu kuzivamia. Tungewezaje kufungua daftari la haki za watu kwa programu tuliyoipata kwa kudhulumu haki ya mwingine? Na ieleweke kwamba matoleo mawili yanahitaji leseni mbili. Leseni ya mpya haihalalishi ya zamani.

Asiye na uwezo wa kununua hajafungiwa njia. Ipo LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali, inayofungua na kuandika hati za Word na majedwali ya Excel, na inayokaa na Office katika kompyuta moja bila mgogoro kwa kuwa ni programu ya watu wengine kabisa. Tena tusisahau kwamba mtangulizi wake, OpenOffice, aliwahi kuzungumza Kiswahili: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lililoitwa Jambo OpenOffice.

Daraja si makazi

Siku ya pili jioni, Baba alikaa mbele ya kompyuta, akafungua Access 2010, akalifuata daftari lake. Likafunguka. Akanyamaza kwa muda, kisha akaliita jina la marehemu kwa sauti ya chini na kuanza kupitia mistari. Marehemu alikuwa amekopa shilingi 300,000 kwa matibabu ya mkewe, akalipa kwa mafungu, na deni lililobakia lilikuwa shilingi 85,000. Mwanawe alipokuja, alionyeshwa kila fungu na tarehe yake. Aliinakili hesabu hiyo, akashukuru, akaondoka na uso uliotulia. Kabla ya mwisho wa wiki deni lililipwa.

Lakini Baba hakutaka tuishie hapo. "Hii Office ya zamani nayo ina siku zake," alisema. Alikuwa na haki. Microsoft iliacha kuitengenezea Office 2010 viraka vya usalama tarehe 13 Oktoba 2020. Programu isiyopata viraka haifai kufungulia viambatisho vya barua pepe au mafaili yaliyotoka kwa wageni. Anayelazimika kubaki nayo na aitumie kwa mafaili yake mwenyewe tu. Hata Office 2016, iliyokuwa mpya kwetu wakati ule, nayo ilifikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo tulifanya kazi ambayo matoleo mawili hasa yanafaa kuifanya, nayo ni kuvusha. Kwanza tulinakili faili la asili kwenye flashi mbili, moja ikabaki nyumbani, nyingine ikapelekwa kwa katibu wa chama. Pili, tulifungua nakala, si asili, kwa Access 2010. Programu yenyewe huuliza kama unataka faili liboreshwe kwenda umbo jipya. Tukakubali, likahifadhiwa kwa jina jipya. Tatu, tulilifungua faili jipya kwa Access 2016, Baba akisoma majina katika la zamani na binti akiyahakiki katika jipya, mwanachama mmoja baada ya mwingine, jumla kwa jumla. Kazi hiyo ilichukua jioni nne. Nne, tulichapisha hesabu zote katika karatasi, wakasaini Baba na katibu. Karatasi haiulizi toleo.

Baada ya hapo tu ndipo Office 2010 ilipoondolewa, na safari hii kwa idhini ya mwenyewe.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Wazee wetu waliitekeleza kwa wino na daftari la jalada gumu, ambalo mjukuu angeweza kulisoma miaka hamsini baadaye. Sisi tumeyahamishia maandishi hayo katika mashine, na wajibu wetu hauishii katika kuandika. Tunawajibika kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kitasomeka siku kitakapohitajika.

Ndugu msomaji, huenda nawe nyumbani kwako ipo kompyuta moja inayotumiwa na watu watano: hesabu za duka, orodha ya wanafunzi wa madrasa, wasia wa babu, mtihani wa mtoto. Kabla hujaipeleka kwa fundi kuwekewa toleo jipya, iketishe familia nzima. Kila mmoja ataje faili analolitegemea na programu inayolifungua. Andikeni orodha hiyo, mpeni fundi, na mwambieni asiondoe kitu mpaka kila faili lililoorodheshwa limefunguka katika toleo jipya mbele ya mwenye nalo. Sisi tungefanya hivyo wiki moja mapema, kijana yule angepata jibu lake usiku uleule.