Je, wajua? Hisa ina kitambulisho kisicho na irabu

BBG000B9XRY4. Hicho ni kitambulisho cha hisa ya Apple nchini Marekani, katika mfumo uitwao FIGI. Kina nafasi 12, ya tatu huwa G daima, na irabu ni marufuku. Neno la Kiswahili haliwezi kujiandika humo hata kwa bahati mbaya!

Wanunuzi wa hisa hawakariri msururu huo. Wao hutumia alama fupi: AAPL kwa Apple, F kwa Ford, T peke yake kwa AT&T. OpenFIGI, huduma ya Bloomberg isiyolipishwa, hupokea alama hizo na kurudisha vitambulisho.

Alama ni kama jina la utani: hubadilika. Juni 2022 kampuni ya Facebook iliacha FB ikachukua META. FIGI haibadiliki kwa sababu hiyo, wala haipewi hisa nyingine.

Na alama huponza. Oktoba 2013 Twitter ilitangaza kwamba itaingia sokoni kwa alama TWTR. Watu wakakimbilia TWTRQ. Hiyo ilikuwa Tweeter, kampuni ya maduka ya redio na televisheni iliyofilisika tangu 2007. Ile Q ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiashiria muflisi. Hisa ya chini ya senti moja ilipanda zaidi ya mara kumi ndani ya siku moja, mpaka biashara yake ikasimamishwa. Twitter yenyewe ilikuwa bado haijauza hisa hata moja sokoni.