Chanjo ya Surua na Rubela: Tusiisahau ya Pili



Ndugu mwanafunzi, na mzazi unayesomewa makala hii nyumbani, katika kadi ya kliniki ya mtoto ipo chanjo inayoandikwa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Ni chanjo ya surua na rubela. Ya kwanza watoto wengi huipata. Ya pili ndiyo husahauliwa, kwani mtoto keshaanza kutembea, mama yuko shambani, na kwa milima yetu kwenda zahanati ni safari. Tutazame kwa nini safari hiyo ni muhimu.

Surua
Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, virusi huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati watu wanadhani ana mafua tu. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Fikiria chuoni, tunavyokaa bega kwa bega mkekani, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai! Surua huleta nimonia, kuharisha na upofu, na huua. Mtoto akiugua asifichwe ndani. Apelekwe hospitali, ambako hupewa pia vitamini A kuyalinda macho yake.

Rubela
Kwa mtoto rubela ni nyepesi: homa kidogo na vipele, tena huweza kupita bila kujulikana. Hatari yake ni kwa mama mjamzito, hasa miezi 3 ya mwanzo. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alibaini kuwa watoto wengi aliowaona wamezaliwa na mtoto wa jicho, mama zao waliugua rubela wakiwa na mimba. Wengine huzaliwa viziwi au na kasoro ya moyo. Ndiyo maana wavulana nao huchanjwa: kaka akiileta nyumbani, anayeumia ni mdogo wake aliye tumboni. Tanzania ilianza chanjo hii ya pamoja Oktoba 2014.

Kwa nini mara mbili?
Mtoto wa miezi 9 aweza kuwa bado na kinga aliyopewa na mama yake, nayo huizuia chanjo isishike. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, kama 15 hubaki bila kinga ya surua. Ya pili huwafikia hao. Surua hukosa pa kupita pale watoto 95 katika kila 100 wanapopata zote mbili.

Hofu za watu
Homa au vipele vichache baada ya wiki moja hivi ni kawaida, navyo huisha. Uvumi kuwa chanjo ya surua huleta usonji ulitokana na makala ya jarida moja la London mwaka 1998; jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kutafuta tiba, na kutoingia wala kutoka katika mji wenye tauni. Wazee wa Lushoto wanaelewa uzito wa mafundisho hayo, kwani tauni iliingia wilayani mwaka 1980 ikasumbua vijiji kwa zaidi ya miaka 20. Kujikinga hakupingani na kutawakali.

Mwanafunzi, ukirudi nyumbani leo iombe kadi ya mdogo wako. Kama nafasi ya miezi 18 haina tarehe, mwambie mama kwa adabu. Hata aliyechelewa apelekwe, na chanjo ni bure.

Wabillahi tawfiq.